Mwenyeji wa Mwalimu Mgeni

Habari za walimu wa Kiingereza waliohamia Japani katika karne ya 19 husimuliwa kana kwamba kila kitu kilitegemea moyo wa mgeni: aliyeipenda nchi alitulia, aliyeidharau alifunga mizigo. Shahidi anayeitwa kila mara ni Lafcadio Hearn. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, akalelewa Dublin, akaandikia magazeti ya Cincinnati na New Orleans, kisha akashuka bandarini Yokohama Aprili 1890. Alipofariki Tokyo mwaka 1904 alikuwa raia wa Japani, mwenye mke, watoto wanne na jina jipya, Koizumi Yakumo. Mapenzi yake kwa nchi ile hayana ubishi. Lakini ukimfuata kutoka kituo kimoja cha kazi hadi kingine, utayaona mapenzi hayo yakipanda na kushuka, na mara nyingi chanzo hakikuwa yeye. Kwa maoni yangu, kilichoamua ni kama palikuwa na mwenyeji mwenye cheo na subira, aliyeona kutulia kwa mgeni kuwa sehemu ya kazi yake mwenyewe.

Tuanze na Matsue, mji mdogo wa mkoa wa Shimane, ambako Hearn alifika Agosti 1890 kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya mkoa na chuo cha ualimu, kwa mshahara wa yen 100 kwa mwezi. Kazi yenyewe aliipata kwa msaada wa Basil Hall Chamberlain, profesa Mwingereza aliyekuwa Tokyo. Tukumbuke kwamba hadi 1899 mgeni hakuruhusiwa kuishi popote alipotaka. Makazi yake yalikuwa katika bandari zilizofunguliwa kwa mikataba, na aliyeishi bara aliishi huko kwa sababu Wajapani wamemwajiri. Kwa hiyo mwalimu wa Matsue hakuwa na klabu ya Wazungu ya kukimbilia jioni. Alikuwa na Nishida Sentaro, mwalimu mkuu msaidizi, kijana mwenye Kiingereza kizuri. Nishida alimtafsiria, alimweleza taratibu za shule na kumjulia hali alipougua. Hearn alipozuru hekalu kuu la Izumo mwezi Septemba, alikwenda na barua ya utambulisho ya Nishida, akaruhusiwa kuingia mahali ambapo wageni walikuwa hawajawahi kufika. Hata Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliofukarika baada ya mageuzi ya Meiji, aliingia nyumbani mwake kwa mkono wa Nishida, kwanza kumtunzia nyumba, kisha akawa mkewe. Kurasa tamu zaidi za kitabu chake cha 1894, kile kilichomtangaza kwa wasomaji wa Kiingereza kuwa mjuzi wa Japani, zimetoka katika miezi hiyo isiyozidi kumi na tano.

Atakayepinga atasema kwamba siri ilikuwa lugha: mgeni ajifunze kusema na watu, mengine yatafuata. Ushauri ni mzuri, ila Hearn hafai kuwa mfano wake. Aliishi Japani miaka kumi na minne bila kuweza kusoma kitabu cha Kijapani sawasawa, na nyumbani walielewana na Setsu kwa Kijapani cha kuokoteza, chenye sarufi yao wawili. Mwingine atataja fedha. Novemba 1891 Hearn alihamia Kumamoto kwa yen 200, mara mbili ya mshahara wa Matsue, akiwa na jamaa wa mkewe wa kulisha na hofu ya baridi ya Matsue. Kwa hesabu ya mfuko alipaswa kufurahi zaidi. Badala yake barua zake za Kumamoto zimejaa manung'uniko: mji ulioteketea katika vita vya 1877 na kujengwa upya bila sura, walimu wenzake wasiomsemesha, saa za mapumziko alizokwenda kukaa peke yake katika makaburi ya kale kilimani nyuma ya shule. Na mkuu wa shule hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Kano Jigoro, mwasisi wa judo, aliyempokea kwa heshima. Lakini mkuu wa shule ana shule nzima mabegani. Hearn aliendelea kumwandikia Nishida.

Tokyo inathibitisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1896 Hearn alichukua uraia, akaingizwa katika ukoo wa mkewe, kwa sababu mwanamke wa Kijapani aliyeolewa kisheria na mgeni alipoteza uraia wake. Hapo likazuka swali la aibu: aliyekuwa mgeni jana na raia leo alipwe mshahara wa nani? Toyama Masakazu wa Chuo Kikuu cha Kifalme alimwita afundishe fasihi ya Kiingereza na kumlindia mshahara wa kigeni. Nishida alifariki 1897, Toyama 1900. Mapema 1903 ikaja barua ya kumwarifu kwamba mkataba wake ungeishia Machi. Wanafunzi walilalamika, chuo kikampa nafasi ya vipindi vichache na malipo pungufu, akakataa. Mapenzi yake kwa Japani hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha kueleza hayo. Waliokuwa wakimsemea ndio walikuwa wamekwisha.

Mmoja wa walioshika nafasi yake alikuwa Natsume Soseki, na kisa chake ni cha mwalimu wa Kiingereza ugenini kwa upande wa pili. Soseki naye alikuwa amefundisha Kumamoto, na mwaka 1900 Wizara ya Elimu ikampeleka London kwa posho ya yen 1,800 kwa mwaka ajifunze Kiingereza zaidi. Lugha aliijua kuliko wenzake wengi. Aliacha mihadhara ya University College mapema, akalipia masomo ya faragha kwa William Craig, mtaalamu wa Shakespeare, akahama nyumba za kupanga mara kwa mara na kujifungia na vitabu, hadi uvumi ukafika Tokyo kwamba amerukwa na akili. London ilimpa masomo na vitanda vya kukodi. Hapakuwa na mtu wa kumwajibikia. Ni kweli kwamba Soseki alikuwa mtu wa huzuni maisha yake yote, na pingamizi hilo lina uzito. Ila Hearn hakuwa mtu mwepesi: jicho moja lilikuwa limepofuka, alikuwa na hasira za karibu, na aligombana na marafiki wengi, Chamberlain akiwamo. Kama ni tabia, wote wawili walikuwa wagumu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa wamisionari. Mary Kidder alianza kufundisha wasichana Yokohama mwaka 1870, shule yake ikawa Ferris, naye akabaki Japani miongo mingi bila Nishida wa kumshika mkono. Lakini Yokohama ilikuwa bandari ya mkataba, na Kidder alianzia katika zahanati ya daktari mmisionari, Hepburn. Wenyeji wake walikuwa wageni wenzake waliomtangulia. Hilo halivunji hoja. Linaonyesha tu kwamba mwenyeji si lazima awe mzawa.

Japani ilipoanzisha mpango wa JET, wa kuajiri walimu wasaidizi wa lugha kutoka nje, mwaka 1987 na kuwaleta vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand, kazi ya Nishida iligeuzwa kuwa wajibu wa ofisi: bodi ya elimu ya mji humteua mtumishi wa kumshughulikia mgeni, kuanzia nyumba hadi akaunti ya benki. Lakini mkataba wa leo hauzidi miaka mitano, kwa hiyo swali lililomkuta Hearn, la mgeni aliyekataa kuondoka, halimfikii mtumishi huyo mezani.