UZI: Mwaka mmoja wa chuo ulienda wapi? Historia ya masomo ya sekondari kuhesabiwa chuoni

1/ Mkutano wowote wa elimu, uwe Kitengela, Kisaju au Kajiado mjini, hakosi mtu wa kusema "turudishe Form Five na Six". Mwingine anajibu, "CBC itamwokolea mzazi mwaka mzima wa chuo." Wa tatu naye: "Marekani mtoto anafanya kozi za chuo akiwa bado sekondari, sisi tunangoja nini?" Hawa watatu wanabishana juu ya kitu kimoja. Tufuate historia polepole.

2/ Swali lenyewe ni hili: mtoto akisoma mambo magumu sekondari, chuo kitamhesabia, ama atarudishwa aanze upya? Na akianza upya, ni nani analipa?

3/ Kabla ya 1985 mfumo wetu ulikuwa 7-4-2-3. Miaka saba ya msingi, minne ya sekondari mpaka KCE, miwili ya Form Five na Six mpaka KACE, kisha chuo. Digrii nyingi zilichukua miaka mitatu. Kwa nini mitatu tu? Kwa sababu Form Six ilikuwa imeshafanya sehemu ya kazi. Mwanafunzi alichagua masomo machache akayachimba kwa kina. Hakuna aliyeita hiyo "krediti", lakini ndivyo ilivyokuwa: chuo kilimhesabia.

4/ Shida? Mlango ulikuwa mwembamba. Nafasi za Form Five zilikuwa chache, na wengi waliishia Form Four hata kama walikuwa na akili. Kwa hiyo mtu akikuambia zamani elimu ilikuwa nzuri, muulize: nzuri kwa nani?

5/ Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay, msomi kutoka Kanada, iliangalia suala la chuo kikuu cha pili. Chuo chenyewe kilikuja kuwa Moi, 1984. Lakini ripoti hiyo ndiyo pia iliyozaa 8-4-4, ambayo ilianza Januari 1985. Form Five na Six zikawekwa kwenye orodha ya kufutwa.

6/ Sasa piga hesabu. 7+4+2+3 ni 16. 8+4+4 ni 16. Hakuna mwaka uliopungua! Ile miwili ya Form Five na Six iligawanywa: mmoja ukashushwa msingi ukawa darasa la nane, mwingine ukapandishwa chuo ukawa mwaka wa nne wa digrii.

7/ Mwaka 1989 KACE ya mwisho na KCSE ya kwanza zilifanywa mwaka mmoja. 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa mpigo. Digrii ni ileile, lakini wa Form Six anasoma miaka mitatu, wa KCSE minne. Tofauti yao ni kile kilichosomwa kabla ya kuingia getini.

8/ Angalia na wakati. Zamani serikali ndiyo iliyobeba gharama ya chuo, na mwanafunzi alipata hata "boom" ya mfukoni. 1991 ikaja kuchangia gharama. 1995 ikaundwa HELB, bodi ya mikopo. Yaani mwaka ule ulihamishiwa chuoni, na punde mzazi akaanza kulipa. Tuseme ukweli, Form Six nayo haikuwa bure. Na 8-4-4 iliruhusu wengi zaidi kugombania chuo moja kwa moja kutoka Form Four. Lakini gharama ilihama, na waliopigia kelele ule mfumo wa zamani ama mpya hawakulisema hilo sana.

9/ Majirani, Uganda na Tanzania, walibaki na Form Five na Six. Ndiyo maana Mkenya mwenye KCSE akienda kusoma digrii Uganda, amekuwa akiambiwa apitie kwanza kozi ya daraja. Kwao, kuna kipande anakosa.

10/ Na Marekani? Huko kuna mitihani ya Advanced Placement tangu miaka ya 1950. Mtoto wa sekondari anasoma kozi ya kiwango cha chuo, anapewa alama kuanzia 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia akipata 3 au zaidi, vingine hutaka 4 au 5. Inawezekana kwa sababu digrii yao huhesabiwa kwa krediti. Ukileta baadhi kutoka sekondari, unamaliza mapema na unalipa kidogo.

11/ Kwetu, sheria ya mfumo wa sifa za elimu ya 2014 inatambua ngazi: diploma ni ya 6, digrii ni ya 7. Aliyemaliza diploma, tuseme kwenye chuo cha ufundi Kajiado, anaweza kuomba chuo kikuu kimhesabie masomo, na wengine huingia mwaka wa pili moja kwa moja. Lakini aliyepata A ya hesabu KCSE anaanza mwaka wa kwanza na wenzake wote. Diploma huhesabiwa, sekondari haihesabiwi.

12/ Tufike kwa CBC: 2-6-3-3-3. Toa miwili ya chekechea. 6+3+3 ni 12, sawa kabisa na 8+4. Lakini chuo ni 3, si 4. Jumla 15. Safari hii mwaka haukuhama. Umetoka.

13/ Wanaoutetea mpango wanasema hivi: Grade 10 hadi 12 mtoto anachagua njia yake, STEM, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo, na masomo matatu ya kujikita. Kwa hiyo atafika chuo akiwa ameiva. Inaweza kuwa kweli. Lakini aliyesoma digrii ya miaka mitatu enzi za KACE alikuwa na miaka 13 nyuma yake. Huyu ana 12.

14/ Grade 10 wa kwanza walianza Januari 2026. Mpango ukifuatwa, wataingia chuo 2029 na kumaliza 2032. KCSE ya mwisho ni 2027: hao wataingia 2028, wasome minne, wamalize... 2032. Makundi mawili, mwaka mmoja, kazi zilezile. Ni 1990 imerudi kwa mlango wa nyuma.

15/ Shule yenye maabara na walimu wa fizikia itamfikisha mtoto anapotakiwa. Isiyo nayo haitamfikisha, na chuo kitamwambia apitie kozi ya matayarisho kwanza. Hapo mwaka umerudi, na wa kuulipia ni mzazi. Kisaju tunajua mwaka unalipwaje: ng'ombe anapelekwa soko la Bissil, ama kipande cha ploti kinauzwa. Aliye na shule nzuri ataokoa mwaka, jirani yake atalipa.

16/ Kwa hiyo akija mtu kuomba kura na hadithi ya elimu, usimuulize tu kama anapenda CBC au 8-4-4. Muulize: Je, vyuo vimeandika kile vinachotarajia mtoto awe amesoma kufikia Grade 12? Nani atathibitisha amekisoma? Shule yetu itapata maabara lini? Na chuo kikisema mtoto hajafika, ule mwaka wa ziada ni wa nani kulipa?

17/ Kama ulifanya KACE, ama uliingia chuo 1990 na lile kundi la pamoja, tuambie hapa chini: mwaka wa kwanza ulikukuta na mapya, ama ulikuwa unarudia? Vijana wa Grade 10 na wazazi wao wanasoma.