Tumbo la Mtoto Linapovimba: Habari ya Ugonjwa wa Hirschsprung

Huenda mmekwisha kuona kijijini mtoto ambaye tumbo lake limevimba kama ngoma, na mikono na miguu imekonda kama vijiti. Mama yake asema: «Hapati choo ila mara moja kwa juma.» Majirani wananong'ona kwamba mama alivunja mwiko, ama kwamba mtoto amerogwa. Sisi nasi tulisikia maneno hayo zamani, wala hatukujua la kujibu. Kumbe, kuna ugonjwa wa namna hiyo ambao waganga wenyewe walipotea njia zaidi ya miaka 60 kabla ya kuufahamu.

Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, alikuwako mganga wa watoto, jina lake Harald Hirschsprung, aliyezaliwa mwaka 1830. Baba yake alikuwa na kiwanda cha tumbako, lakini mwana alichagua uganga. Mwaka 1886 alikwenda Berlin, akawaeleza waganga wenzake habari za watoto wawili wa kiume. Wote wawili walikosa choo tangu kuzaliwa, wakavimba tumbo, wakafa kabla ya kutimiza mwaka. Maiti zao zilipofunguliwa, utumbo mpana ulionekana umetanuka sana na ukuta wake umekuwa mnene. Lakini kitu cha kuziba hakikuonekana.

Basi waganga wakasema: ugonjwa uko katika sehemu ile iliyotanuka. Wengine wakaikata na kuitupa. Mtoto alipata nafuu kitambo, kisha tumbo likavimba tena. Kwa nini? Fikirini mto uliozibwa na magogo. Maji yanafurika juu, mashamba yanazama. Je, utaponya mto kwa kuchota maji ya mafuriko? Sharti ushuke chini, ukaondoe magogo. Waganga walitazama mafuriko tu, kwa sababu sehemu ya chini, karibu na njia ya haja kubwa, ilionekana nyembamba na nzima.

Mwaka 1901 mganga Tittel aliona kwa darubini kwamba utumbo wa mtoto wa namna hiyo umepungukiwa na chembe za mishipa ya fahamu. Wachache walimsikiliza. Ndipo huko Boston, Marekani, mganga Orvar Swenson aliona jambo la ajabu. Mtoto aliyefunguliwa njia ya choo tumboni alistawi vizuri. Njia ile ilipofungwa, ugonjwa ukarudi. Akapima nguvu za utumbo, akaona kwamba sehemu ya mwisho haisukumi kitu. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Bill walitangaza dawa yake: kuikata sehemu hiyo ya mwisho, na kuuvuta utumbo mzima mpaka chini. Mwaka huo huo waganga Zuelzer na Wilson wa Detroit nao walieleza habari ya kukosekana kwa chembe zile.

Sasa tunajua sababu. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, chembe za fahamu husafiri kutoka juu ya utumbo mpaka mwisho wake. Zikikwama njiani, sehemu ya mwisho hubaki bila chembe. Hukazana daima, haijui kulegea. Si kosa la mama, wala si uchawi. Hupata mtoto mmoja hivi kati ya 5,000, na wavulana kupita wasichana.

Na dalili zake? Mtoto mchanga mzima hutoa choo chake cheusi cha kwanza kabla ya siku mbili kupita. Asipokitoa, akavimba tumbo na kutapika matapishi ya kijani, apelekwe hospitali upesi. Mganga atapiga picha ya matumbo, kisha atakata kipande kidogo cha utumbo kwa ndani na kukitazama kwa darubini: zikikosekana chembe, ugonjwa umejulikana. Wakingoja kupasua, waganga husafisha utumbo kwa maji ya chumvi yaliyopimwa, au hufungua njia ya choo tumboni kwa muda. Siku hizi watoto wengi hupasuliwa mara moja tu, kwa kupitia chini, bila kufungua tumbo.

Lakini hata baada ya kupasuliwa, wazazi wakeshe. Homa, tumbo kuvimba na kuhara choo chenye harufu kali ni hatari ya kufa, wasingoje kesho. Wala wasimtie mtoto dawa za majani kwa nyuma, maana utumbo ule huweza kutoboka.

Wazazi wapendwa, waganga wenye elimu walikosea muda mrefu kwa kutazama mahali pasipo ugonjwa. Sisi nasi tukimtazama jirani aliye mchawi, tunakosea vilevile, na siku za mtoto zinapita. Tumtazame mtoto mwenyewe, tuhesabu siku zake mbili za kwanza, tushike njia ya hospitali.