Jinsi ya kuotesha pilipili nyumbani licha ya baridi ya Kitale

Na MWANDISHI WETU

WAKAZI wengi wa mtaa wa Tuwan mjini Kitale hawana shamba. Nyumba zimebanana, ua ni wa wapangaji wote, na nafasi iliyosalia ya kupanda chochote aghalabu ni kandokando ya ukuta. Hata hivyo, pilipili ni miongoni mwa mimea inayoweza kumfaa mtu mwenye nafasi ya aina hiyo. Mche mmoja uliotunzwa vyema ndani ya ndoo kuukuu ya lita 10 huweza kuzaa kwa miezi mingi, na mwenye miche mitano au sita huwa na pilipili za kula na nyingine za kumgawia jirani au za kuuza.

Tatizo ni kwamba wengi wanaojaribu kuotesha mbegu za pilipili hukata tamaa kabla ya kuona jani la kwanza. Hupanda, hunyunyizia maji kwa wiki moja, na wasipoona dalili yoyote huifukua mbegu au kuutupa udongo wakidhani kuwa waliuziwa mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu hizo huwa nzima. Kinachozichelewesha ni baridi ya usiku, na anayeelewa jambo hilo huwa ameshinda nusu ya kazi.

Mmea wa nchi za joto

Pilipili ni mmea wenye asili ya Bara la Amerika. Wenyeji wa Mexico na maeneo jirani walikuwa wakiula kwa maelfu ya miaka kabla ya Christopher Columbus kufika huko mnamo 1492. Wareno ndio walioueneza hadi Afrika na India katika karne ya 16. Hauna udugu na pilipili manga, ambayo ni tunda la mmea mwingine kabisa uliotoka India. Jamaa zake wa karibu ni nyanya, kiazi, biringanya, tumbaku na hata mboga ya managu, na udugu huo una umuhimu wake kama tutakavyoona.

Kwa sababu ya asili yake, mbegu ya pilipili huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Katika joto hilo, aina nyingi hujitokeza baada ya siku 7 hadi 14. Joto la udongo likishuka hadi nyuzi 15, mbegu iyo hiyo huweza kukaa takriban mwezi mzima, na likizidi kushuka huenda ikaoza.

Mji wa Kitale uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na milima ya Cherangany. Mchana huwa na joto la kutosha, lakini usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Mji wa Bungoma, ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa na joto zaidi kwa takriban nyuzi 3. Kwa hivyo mkazi wa Tuwan hapaswi kushangaa mbegu zake zinapochelewa ilhali za jamaa yake wa Bungoma zimekwisha kuota.

Wakati mwafaka wa kuanza

Mche wa pilipili huhitaji majuma 6 hadi 8 tangu kuota kabla ya kuhamishiwa mahali pa kudumu. Ukiongeza majuma 2 au 3 ya kungoja mbegu ziote, utaona kwamba safari nzima huchukua zaidi ya miezi miwili.

Katika Kaunti ya Trans-Nzoia, mvua za masika huanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Anayetaka miche iwe tayari wakati huo ni sharti apande mbegu mwanzoni mwa Januari. Isitoshe, Januari na Februari ni miezi ya jua kali, hivyo mchana udongo hupata joto bila gharama. Anayengoja mvua ndipo apande mbegu hukumbana na mawingu na baridi ya Juni na Julai miche ikiwa bado michanga.

Kuchagua mbegu

Kuna njia mbili za kupata mbegu. Ya kwanza ni kununua katika maduka ya pembejeo. Wakazi wa Kitale wana bahati kwa kuwa mji wao ndio makao makuu ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya, ambayo kampuni yake tanzu ya Simlaw hushughulikia mbegu za mboga. Hakikisha pakiti imefungwa vyema na muda wake haujapita.

Njia ya pili ni kukamua mbegu kutoka kwa pilipili iliyoiva. Chagua tunda lililokuwa jekundu kabisa, lisilo na doa wala tundu la mdudu. Tunda la kijani halifai kwa sababu mbegu zake hazijakomaa. Zikaushe mbegu juu ya karatasi kivulini kwa siku kadhaa, kisha uzihifadhi ndani ya bahasha mahali pakavu. Zikihifadhiwa hivyo huweza kudumu kwa miaka 2 au 3.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, mbegu za haibridi hazizai watoto wanaofanana na mama. Wakulima wa mahindi wa Trans-Nzoia wanalijua hilo tangu 1964, aina ya H611 iliyozalishwa Kitale ilipoanza kusambazwa, kwani hulazimika kununua mbegu upya kila msimu. Pili, nyuki huhamisha chavua kati ya pilipili kali na pilipili hoho. Tunda la hoho la mwaka huu halitabadilika, lakini mbegu zake zikipandwa huweza kuzaa hoho zinazowasha.

Kabla ya kupanda, zipime mbegu zako. Twaa mbegu 10, uzikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, na uziweke mahali penye joto kwa wiki mbili huku ukihakikisha kitambaa hakikauki. Zikichipuka 7 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikichipuka chini ya 5, panda nyingi zaidi au utafute nyingine.

Udongo na vyombo

Chombo chochote chenye kina cha sentimita 6 au zaidi chafaa: mkebe wa mafuta ya kupikia, chupa ya plastiki iliyokatwa au pakiti ya maziwa. Toboa matundu chini ili maji yasituame.

Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga. Samadi mbichi na mbolea ya DAP huunguza mizizi michanga, hivyo zisitiwe humo. Usichote udongo mahali palipokuwa na nyanya, viazi au managu, maadamu mimea hiyo huugua baadhi ya maradhi yanayoshambulia pilipili, ukiwemo mnyauko unaosababishwa na bakteria. Kwa usalama zaidi, umwagie udongo maji yanayochemka na uuache upoe na kuchuja maji kwa siku moja kabla ya kupanda.

Kupanda na kutafuta joto

Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu usiku kucha. Zipande kwenye kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, zikiwa zimeachana kwa sentimita 2 au 3. Kuzifukia ndani zaidi ni kosa la kawaida, kwani chipukizi huishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Funika chombo kwa plastiki inayopitisha mwanga ili joto na unyevu visipotee.

Mchana, kiache chombo nje mahali penye joto lakini pasipo jua kali la saa sita, kwa maana plastiki hiyo huweza kuichemsha mbegu. Ifikapo saa kumi na mbili jioni, kiingize ndani na ukiweke juu ya rafu iliyo karibu na mahali pa kupikia, au ukifunike kwa blanketi kuukuu. Kazi hiyo ndogo ya kila jioni ndiyo hutofautisha anayefaulu na asiyefaulu.

Hata hivyo, mtu asithubutu kuacha jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa ili kuzipasha mbegu joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu wakiwa usingizini.

Aina ndogo kali, ambayo baadhi ya watu huiita pilipili kichaa, huchelewa kuliko zote, na huenda ikachukua majuma matatu au manne. Usiifukue.

Maji na mwanga

Pindi chipukizi zinapojitokeza, ondoa plastiki na uzipe mwanga mwingi mchana kutwa. Miche inayokosa mwanga hurefuka, hupauka na kuanguka.

Maji yakizidi nayo ni hatari. Ugonjwa wa kinyaushi, unaosababishwa na viini vya ukungu vilivyomo udongoni, huozesha shina la mche pale linapokutana na udongo, na asubuhi utaikuta miche imelala kana kwamba imekatwa. Mche ulioanguka hauponi. Kinga yake ni kumwagilia maji asubuhi badala ya jioni, kungoja udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na kutosonganisha miche. Njia bora zaidi ni kukitia chombo ndani ya karai lenye maji kidogo hadi unyevu upande wenyewe, kisha kukitoa.

Kuhamisha miche

Majani mawili ya kwanza si majani halisi ya pilipili. Ngoja hadi majani halisi mawili au manne yatokee, kisha uuhamishe kila mche kwenye chombo chake. Ushike kwa jani, wala si kwa shina, kwa kuwa jani likikatika litaota jingine ilhali shina likivunjika mche umekufa. Mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, maadamu tumbaku huweza kubeba virusi vinavyodhuru pilipili.

Mche ukifikia urefu wa sentimita 10 hadi 15, uzoeshe jua na upepo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Hatimaye uhamishe wakati wa jioni hadi kwenye ndoo, debe au gunia la udongo. Mwenye kipande cha ardhi aache nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche.

Kagua upande wa chini wa majani mara mbili kwa wiki. Vidukari hujificha huko, hufyonza utomvu na kueneza virusi. Wakiwa wachache, wapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo.

Mavuno

Mavuno ya kwanza hupatikana takriban miezi mitatu baada ya kuhamisha, ingawa katika baridi ya Kitale huenda yakachelewa. Kuchuma mara kwa mara huufanya mmea uzidi kutoa maua, na usipodhuriwa na maradhi huweza kuishi kwa miaka 2 au 3.

Unapokamua mbegu, jihadhari na macho. Kiini kinachowasha, kiitwacho kapsaisini, hakiyeyuki vyema katika maji. Pakaa mikono mafuta ya kupikia kwanza, kisha unawe kwa sabuni, na uwaweke watoto mbali.

Wahenga walisema kuwa pilipili usiyoila yakuwashiani. Kwa mkazi wa Tuwan anayetaka kuila ya kwake mwenyewe, la muhimu ni kuanza Januari, kuilinda mbegu na baridi ya usiku, na kuipa muda wake.