Jina la Mtaa ni Shahidi

Mashariki ya Nairobi, karibu na Baba Dogo, uko mtaa uitwao Lucky Summer. Ukilitamka jina hilo utatambua mara moja kuwa ni la Kiingereza, nalo lina maana ya majira ya joto yenye bahati. Lakini majira hayo ni ya nchi za mbali, ambako mwaka hugawanyika baina ya baridi kali na joto. Nairobi iko karibu na ikweta, na mwaka wake hugawanywa na masika na vuli. Basi jina hilo halikuota katika udongo wa pale; lililetwa na watu. Ni watu gani, na kwa nini walilichagua? Maswali ya namna hii huulizwa na watoto njiani, na watu wazima aghalabu huyapuuza. Mwanahistoria hayapuuzi. Ili uone anavyoyajibu, msomaji wangu, tutwae kwanza jina jingine la mji huohuo ambalo kisa chake kimekwisha kuchunguzwa, nalo ni Kariokor.

Jambo la kwanza ni kujihadhari na kukisia kwa sikio. Mtu aweza kuketi barazani, akalikata jina vipande vipande, akalipa maana tamu, na wasikilizaji wakaridhika. Lakini utamu wa maelezo si ushahidi.

Jambo la pili ni kulinganisha. Dar es Salaam nako kuna mahali paitwapo Kariakoo. Miji hiyo miwili imeachana mamia ya maili, na zamani ilikuwa chini ya dola mbili: Nairobi ya Waingereza, Dar es Salaam ya Wajerumani mpaka Septemba 1916, Waingereza walipouteka mji huo. Ikiwa jina ni moja, huenda asili yake ni moja. Na ikiwa asili hiyo ni ya Kiingereza, haielekei kuwa jina liliingia Dar es Salaam kabla ya mwaka 1916. Sasa swali limepungua upana: ni kitu gani Waingereza walikuwa nacho katika miji yote miwili wakati huo? Jawabu ni vita.

Hapo mwanahistoria hufungua hati. Huona kuwa vita vilipozuka mwaka 1914, Waingereza waliunda kikosi kilichoitwa Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi, chini ya Oscar Ferris Watkins. Magari yalikwama katika matope na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani mwa watu. Mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyowezesha wanaume kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa kuliko yote. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa pale paitwapo Kariokor leo. Dar es Salaam, jengo ambalo Wajerumani walikusudia liwe soko liligeuzwa kuwa kambi ya wapagazi. Ndimi zetu zililainisha maneno mawili ya kigeni, yakawa jina moja.

Je, kazi imekwisha? Haijakwisha, kwani jawabu moja huzaa swali jingine: wapagazi wangapi hawakurudi kwao? Hesabu za serikali zilitaja vifo zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozipima upya huona kuwa huenda idadi ya kweli inakaribia 100,000, na wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Tofauti hiyo yatoka wapi? Kumbuka kwamba karani wa jeshi aliandika kwa ajili ya posho na mshahara. Aliyeanguka njiani akirejea kwao hakuwa katika daftari. Na jina lililoandikwa vibaya halikumrudisha mtu kwa jamaa zake. Kwa sababu hiyo, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao.

Karatasi inaponyamaza, hutafutwa mzee. Wanahistoria waliwaendea wapagazi waliobaki hai, wakawauliza na kuyaandika majibu yao. Profesa Bethwell Ogot wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya Waluo wa Kusini, alionyesha kuwa masimulizi ya wazee yaweza kujenga historia iliyo imara. Hata hivyo mzee naye husahau, na pengine hujisifu. Kwa hiyo neno lake hupimwa kwa neno la mwingine, na yote mawili kwa hati, kama vile hakimu apimavyo mashahidi.

Usidhani kwamba huu ni mchezo wa majina tu. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Nairobi iko sanamu ya ukumbusho iliyozinduliwa mwaka 1928, lakini majina ya wapagazi hayamo. Mwenye kununua kiondo katika soko la Kariokor huwataja bila kujua.

Wahenga walisema kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli; lakini mganga asiyeuliza ugonjwa ulianza lini hatibu. Basi, mwanafunzi, lirudie jina la Lucky Summer, au la mtaa wako mwenyewe. Waulize wazee waliojenga nyumba za mwanzo, kila mmoja peke yake, wasije wakaambukizana maneno. Tazama ramani za zamani uone ni mwaka gani jina lilianza kuandikwa. Ziombe hati za viwanja. Andika nani alikuambia nini, na siku gani. Fanya upesi, maana hati hungoja katika kabati, bali mzee hangoji.