Nakshi za Chungu Hazifuati Kabila

Vitabu vya picha kuhusu sanaa za nyumbani katika eneo la Ziwa Victoria vimezoea kupanga vitu kwa makabila na mipaka ya nchi. Tribal Crafts of Uganda cha Margaret Trowell na Klaus Wachsmann, cha mwaka 1953, kinatangaza mpango huo jaladani. Lakini mipaka huhama: Kisumu, mji ulio Kenya leo, ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, mpaka uliposogezwa na Waingereza. Wala kabila si kipimo bora: tazama chungu cha Wajaluo, watu wa eneo hilo la Kisumu. Mfinyanzi hupandisha kuta kwa misokoto ya udongo, kisha, ungali mbichi, huviringisha juu yake kikamba kilichosokotwa, nacho huacha safu za alama ndogondogo. Utafiti wa Ingrid Herbich uliochapishwa 1987 ulionyesha kwamba wafinyanzi hawa ni wanawake, na kwa kawaida hujifunza kazi baada ya kuolewa, kwa mama mkwe. Basi nakshi ni za kundi la wafinyanzi wa mahali fulani, wala picha moja haiwezi kusimama kwa niaba ya Wajaluo wote.

Atakayetetea vitabu hivyo atauliza tungebaki na nini bila michoro yake, sasa sufuria na plastiki zikiwa zimetawala majikoni. Hoja hiyo ina uzito. Trowell, msanii na mwalimu wa Chuo cha Makerere, alituachia hazina. Ila hazina hiyo ingetufaa zaidi kama chini ya kila chungu pangeandikwa kijiji kilikofinyangwa na aliyemfundisha mfinyanzi.