Rukh, ndege wa Sindbad: maana ya yai lililovunjwa

Katika hadithi za Alfu Lela Ulela, Rukh ni ndege mkubwa kiasi cha kuwalisha makinda wake tembo. Wengi humkumbuka kwa ukubwa huo tu. Lakini uzito wa hadithi uko kwenye yai lake.

Katika safari ya pili, Sindbad ameachwa kisiwani. Anaona kuba jeupe, analizunguka na kuhesabu hatua hamsini. Jua linafunikwa, naye anadhani ni wingu. Ni Rukh anarudi kuatamia. Sindbad anajifunga kwa kilemba chake kwenye mguu wa ndege, na anabebwa hadi bonde la almasi. Rukh hata hajui kwamba amebeba mtu. Hapa yeye ni kama upepo wa kusi: hana urafiki wala uadui, ila mwenye kuthubutu hufika naye mbali.

Safari ya tano ni kinyume chake. Wafanyabiashara wanashuka, wanalipiga yai kwa mawe, wanamtoa kinda na kumchinja. Sindbad anawakataza, hawasikii. Wazazi wawili wanakuja na majabali makuchani. La kwanza linakosa, la pili linaangukia tezi, chombo kinazama. Tazama kwamba aliyekataza naye anazama pamoja nao, akaokoka kwa kushika ubao tu. Baharini kosa la mmoja ni la chombo kizima, jambo ambalo mvuvi yeyote wa hapa Pwani analijua.

Wasimuliaji wengine walimpa ndege wao kazi tofauti. Simurghu wa Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi uliokamilika mnamo 1010, anamlea mtoto Zal aliyetupwa na baba yake. Huyo ni mlezi. Rukh halei mtu.

Hadithi hii inatugusa kwa karibu. Marco Polo, mwishoni mwa karne ya 13, alisema Rukh yuko visiwa vya kusini mwa Bukini, yaani Madagascar, na kwamba mfalme mkuu wa China aliletewa unyoya wake. Wataalamu wengine wanadhani unyoya huo ulikuwa kuti la mwale.

Na Bukini palikuwa na ndege mkubwa kweli, ambaye wanasayansi walimpa jina Aepyornis mwaka 1851. Hakuruka, alifika mita 3 kwa urefu, na yai lake lilijaa kiasi cha mayai zaidi ya 100 ya kuku. Huenda mayai hayo ndiyo yaliyowafanya mabaharia wabuni mama mwenye mbawa. Ndege huyo ametoweka. Baadhi ya mifupa yake ina alama za kukatwa na watu, na kwenye mchanga wa kusini mwa kisiwa vigae vya mayai yake vinaokotwa hadi leo. Tofauti na wale wa Sindbad, wazazi hawa hawakuwa na mbawa za kubebea majabali.