Nairobi ni Kinamasi, na Ndege Hawajasahau

Kila nikiweka video ya ndege, komenti ya kwanza ni ileile: hizo ni mambo za wazungu, ama za watu wa Karen wenye kofia na darubini. Wasee, tulieni kidogo. Kama kuna watu Nairobi wenye haki ya kuangalia ndege wa majini, ni sisi wa Eastlands, kwa sababu maji ya hili jiji yote yanashuka kwetu. Mengi ni machafu, ndio. Lakini hakuna aliyeyaleta huku kwa bahati mbaya.

Anza na jina. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika mwisho wa Mei 1899, na mainjinia wakapenda hapa kwa sababu ni tambarare na kuna maji, kabla treni ianze kupanda kuelekea Limuru. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka karakana na mabehewa. Jiji halikuwa kwa hesabu. Kando ya mto, karibu na pale Kirinyaga Road iko leo, palikuwa kinamasi cha mafunjo. Ukienda kununua spea pale, kumbuka unakanyaga makao ya zamani ya vyura.

Mji ukajengwa juu ya matope, na matope yakajibu. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye soko la Wahindi, na serikali ikalichoma moto. Madaktari wakasema mji uhamishwe upelekwe juu, penye maji hayatuami. Churchill alipopita hapa 1907 aliandika kwamba mahali palichaguliwa vibaya, ila sasa wamechelewa kubadilisha.

Kama mji hauhami, basi nani akae wapi? Hapo ndio historia ya mitaa yetu inaanza. Mwaka 1913 alikuja mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, akapendekeza kila rangi ya watu ipewe sehemu yake. Wazungu walikuwa na miinuko ya magharibi: udongo mwekundu, miti, mvua inanyesha na kuteremka zake. Mwafrika akapelekwa mashariki, kwa udongo mweusi ule unaoshika kiatu hadi unatembea na kimoja. Pumwani ikaja mapema miaka ya 1920, halafu Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati. (Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini maktaba ya Kaloleni haijawahi kuniuliza cheti. Haya yote yako kwa vitabu.) Kwa hivyo mvua ikipiga Kayole na barabara igeuke ziwa, usiseme ni mungu tu. Kuna watu walikaa chini na ramani.

Na maji taka hufuata mteremko. Jiji lilipokua, mtambo wa kuyasafisha uliwekwa Kariobangi, kisha ukaja ule mkubwa zaidi, unaoitwa Dandora ingawa uko Ruai, ukifuata Kangundo Road kupita Njiru. Ni mabwawa makubwa yaliyopangwa kwa mfuatano. La kwanza ni zito, halina hewa, uchafu unazama chini. Maji yakisonga, jua na mwani vinafanya kazi, na kila bwawa linakuwa safi kuliko lililotangulia. Mwani ukiwa wengi, wadudu wanakuja. Wadudu wakija, unajua nani anafuata.

Mimi nilienda na mabeshte wawili, asubuhi, na ruhusa, maana huwezi kuingia tu hivihivi. Harufu ipo, sitawadanganya, lakini mabwawa ya mwisho yako sawa kabisa. Tuliona bata wa aina ambazo hatungeweza kutaja, mnandi wamekausha mabawa kama nguo kwa kamba, yangeyange weupe pe, kwarara wakipiga kelele zao. Kuanzia Oktoba hadi Machi hivi kuna vitwitwi wadogo wanaotoka Ulaya na Asia. Ndege anaruka maelfu ya kilomita, anapita juu ya Karen, anashuka kwa maji ya choo ya Nairobi na anaona amefika. Tulitembea kwa ukingo masaa mawili bila kusikia honi hata moja. Wewe wa Umoja, mara ya mwisho masikio yako yalipumzika ni lini?

Ni kweli hii hobi ilianza rasmi na wageni. Chama kinachoitwa Nature Kenya leo kiliundwa 1909, enzi za walowezi. Lakini matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi kutoka makumbusho ya taifa yalianzishwa 1971 na Fleur Ng'weno, nchi ikiwa huru tayari. Na yangeyange, kwarara, mnandi, mdiria si majina yaliyoletwa na mzungu.

Kitu inaniuma ni hii. Mei 2020, korona na mvua zikiwa juu, tingatinga zilibomoa nyumba Kariobangi na Ruai, na familia zikalala nje. Sababu: ardhi ni ya maji taka. Mafuriko ya 2024 yakaleta ubomoaji mwingine kando ya mito. Mimi si mtu wa kutetea kujenga kwa mto. Nauliza tu mbona upande wetu serikali inakumbuka kuna maji siku ya tingatinga peke yake. Pale mjini, Michuki Park palikuwa jaa, na leo unatembea kando ya mto huohuo wa Nairobi chini ya miti. Mto haukomei Globe. Unapita Gikomba, Kariobangi, Dandora, na sijaona benchi hata moja huko.

Kama mnataka kwenda Ruai, tafuteni ruhusa mapema, vaeni viatu vya kufunika mguu, na msiende na spika. Yale maji yakitoka hapo yanarudi mtoni, yanaingia Athi, na mwisho yanaitwa Sabaki, yanamwagika baharini karibu na Malindi. Watalii huenda hadi mdomo wa ule mto kuangalia heroe. Nikipata nauli, video inayofuata natoa huko.